Tela Lililomkataa Mama Mkwe

Kabla hujafungua dashibodi ya gari la mtu, muulize kwanza huwa anakaa na nani ndani yake. Mnacheka. Chekeni tu. Mimi pia nilicheka nilipoambiwa hivyo, na haukupita muda nikajikuta nimelala chali kwenye sakafu ya gari huko Kisesa, kichwa kimeingia chini ya kiti, huku mama mkwe wa mtu akiniuliza kama nimeshauona mkia wake.

Naitwa Fundi Deo. Nimefanya umeme wa magari Mwanza tangu nikiwa na nywele. Sasa nimepumzika: macho hayaoni tena waya mwembamba, na mgongo umekataa kabisa kuingia chini ya usukani. Ila simu yangu haijastaafu. Nyie vijana wa gereji mnanitumia picha asubuhi na jioni. "Shikamoo mzee, huu wa bluu unakwenda wapi?" Marahaba. Leo nitawaambia unakwenda wapi, maana siku hizi matela yenye breki za umeme yameongezeka kwetu, ya kuvutia maboti na majenereta, na naona mnayaogopa kama nyumba ya mganga.

Kazi yenyewe si ngumu. Ndani ya magurudumu ya tela kuna sumaku. Zikipata umeme zinanasa, na breki inabana. Anayezipelekea umeme ni kiboksi kidogo kinachofungwa chini ya usukani, na kiboksi hicho kina waya nne. Mzee Rajabali, aliyenifundisha kazi, alikuwa anazieleza kama nyumba ya watu wanne. Mweusi ni baba, analeta moto kutoka kwenye betri na anataka kila mtu ajue. Mweupe ni mama, ndiyo ethi, waya unaofungwa kwenye chuma cha gari kuurudisha umeme. Bila yeye hakuna nyumba, na ndiye wa mwisho kukumbukwa. Mwekundu ni mtoto mmbea: dereva akigusa tu pedali ya breki, anakimbia kusema, "Kakanyaga! Kakanyaga!" Na bluu ni tarishi. Anapokea umeme kwenye kiboksi na kuupeleka nyuma kwa tela.

"Sasa sikiliza Deo," Mzee Rajabali alikuwa anasema, akipuliza chai yake ya tangawizi. "Tarishi hana akili. Akipewa moto na kiboksi, anapeleka. Akipewa moto na mwizi njiani, anapeleka vilevile. Tela nalo haliulizi nani katuma. Linabana tu."

Mzee Rajabali alizaliwa hapahapa Mwanza kwenye nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi. Ndugu zake waliuza vitambaa, yeye akapenda grisi, na wakamhesabu kama mtoto aliyepotea. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi Mkerewe. Alikuwa na tabia moja mbaya sana. Ulikuwa ukienda kunywa maji, anachomoa fyuzi kwenye gari unalotengeneza, anaificha ndani ya kofia yake, kisha anakaa pembeni anakutazama unavyohangaika. Ukifungua hiki na kile hadi jasho likutoke, ndipo anavua kofia kujipepea, na fyuzi inadondoka miguuni pako. "Ah," anasema, "kumbe mvua ya fyuzi inanyesha leo." Niliwahi kubomoa nusu ya dashibodi ya pikapu kwa sababu ya kofia ya yule mzee.

Lakini aliniachia sheria moja ambayo imenilisha mpaka nimezeeka: ugonjwa ambao hujauona kwa macho yako, hujaupokea. Mteja akija na maneno, mwambie alifanye gari liugue mbele yako. Kuna mtu alileta gari linalopiga honi kila likikata kona ya kushoto. Mzee hakufungua hata skrubu. Akamwamuru azunguke uwanjani, kushoto tu, huku honi inalia, mbuzi wa jirani wanakimbia, na yeye ametulia kwenye kiti anasikiliza kama mtu aliyealikwa kwenye kwaya. Baadaye akanyoosha kidole kwenye usukani: "Hapo." Na ilikuwa hapo.

Haya, sasa Nkwabi.

Nkwabi alikuwa mkazi wa Kisesa, kazi yake kubeba maboti ya faiba kutoka kwa watengenezaji hapa mjini kwenda mialoni kwa wavuvi, upande wa Magu na kwingine. Mtu mpole, mrefu wa shingo, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alikuwa amenunua gari zuri lenye nguvu, na tela lenye breki za umeme lililokuwa la wageni waliomaliza shughuli zao wakaondoka. Akaja gereji kwangu Buzuruga uso umemshuka.

"Fundi, tela linabana lenyewe. Naenda zangu, sijagusa breki, mara linashika. Matairi yanatoa moshi."

"Muda wote?"

"Hapana. Siku nyingine nafika Magu na kurudi, halina neno. Siku nyingine halifiki hata kona."

Nikasema hiyo rahisi. Tela la maboti linarudishwa nyuma hadi majini, kwa hiyo ukiona ugonjwa, anza na plagi ya nyuma. Nikaifungua, nikakuta kutu ya kijani imejaa kama mchicha. Nikasafisha, nikabadilisha vichwa vya waya, nikakaza ethi ya tela kwenye chuma kisafi. Tukazunguka Buzuruga yote. Tela likatufuata kama mbuzi wa sadaka. Nikampa mkono, nikajisifu kidogo.

Akarudi. Safari hii nikashuku swichi ya pedali ya breki, yule mtoto mmbea, maana wapo wanaosema "kakanyaga" wakati hujakanyaga. Nikaweka mpya. Tukazunguka tena. Mbuzi wa sadaka vilevile.

Akarudi tena. Sasa alikuwa anazunguka gereji bila kusema, anashika spana, anaiweka, anashika nyingine.

"Nkwabi, una nini?"

"Fundi, kuna jambo naona aibu kulisema."

"Sema. Hapa tumeshasikia mengi."

Akatazama kama kuna mtu nyuma yake. "Linabana akipanda mama mkwe."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka hadi nikashikilia tairi. Nilipoinua uso nikaona yeye hacheki, macho yamejaa maji, nikanyamaza.

Mama mkwe wake aliitwa Mama Kabula, mjane kutoka Misungwi. Alikuja kukaa kwa binti yake, Sayi, ili atibiwe goti hapa mjini. Goti lile lilikuwa halikunjiki, hivyo hakuweza kupanda kiti cha nyuma. Ilibidi akae mbele. Na nyie mnaojua mila za Wasukuma mtaelewa shida ya Nkwabi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani, hawatazamani usoni hovyo. Kwa hiyo siku za kliniki Nkwabi aliendesha amejibana mlangoni kama amebandikwa kwa gundi, anatazama barabara tu, na mama wa watu anatazama dirisha lake. Nyuma yao tela, kwa sababu Nkwabi hakuwa mtu wa kwenda mjini mikono mitupu.

Na siku hizo ndizo tela lilipobana. Mwishoni lilibana pale Kisesa kwenyewe, barabarani, mchana, lina boti. Kamba zikakatika, boti likateleza likaanguka ubavu, likapasuka mbele ya watu wote. Hakuumia mtu. Lakini Mama Kabula alipofungua mlango na kushuka ili aone, magurudumu yakaachia, tela likasogea lenyewe. Watu waliliona hilo.

Aliyelisema kwa sauti ni baba mdogo wake Nkwabi, Lubinza, mwenye mashine ya kusaga. Pande la mtu, mrefu, sauti ya kufukuza tembo. Alisema, "Hata chuma kinamkataa." Neno likaingia kwenye foleni ya unga likatoka limeota miguu. Kina mama wakaacha kumpitia Sayi kwenda kisimani. Mtoto wa jirani alipougua tumbo, mama yake alimhamisha mbali na nyumba ya Nkwabi usiku uleule. Kisha jiwe likatua juu ya bati la nyumba hiyo, na hakuna aliyetoka kuuliza nani karusha.

Vijana, nyie mmezaliwa mjini, lakini hili mnalijua. Kwetu kanda hii, mwanamke mzee akishapewa jina la uchawi, halimtoki kwa maji wala sabuni. Wapo waliolipwa kwa panga. Nkwabi alikuwa anafikiria kumrudisha Misungwi, kumwepusha. Lakini mtu aliyerudishwa kwa neno kama hilo, neno linatangulia kufika.

"Nitakuja Kisesa," nikamwambia. "Na mama mkwe awepo."

Nilimkuta amekaa kibarazani anamenya viazi, mguu mbovu umenyooshwa mbele kama bunduki. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kucheka ingawa mdomo haucheki.

"Shikamoo mayu," nikasema; ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba. Ndiye fundi wa wachawi?"

"Mimi fundi umeme, mama."

"Basi usinishike, nitakurusha."

Sayi akasema, "Mama jamani!" Nkwabi akageuka kutazama ukuta. Mimi nikajua tutaelewana.

Nikafunga plagi ya tela, nikawasha gari, nikachukua taa yangu ya kupimia. Mmeiona taa hiyo: sindano, kitaa, na waya wenye kibano. Ni kitu cha kizamani, lakini haina betri ya kuisha wala haikudanganyi. Nikaigusisha kwenye tundu la waya wa bluu nyuma kabisa. Giza. Nkwabi akakanyaga breki: taa ikawaka. Akaachia: ikazima. Kila kitu sawa.

"Mama, panda."

Akapanda kwa shida yake, akakaa, akashusha pumzi. Taa ikawaka.

Sumaku za tela zilinguruma, magurudumu yakanasa, na hakuna mguu kwenye pedali. "Mama, shuka." Taa ikazima.

Nikataka nijaribu na mwingine. Sayi, ambaye ni mfupi kama mimi, akapanda akajiweka sawa. Giza. Akapanda Nkwabi. Giza. Nikamwita Nkwabi ashike taa, nikapanda mwenyewe. Giza tupu. Nikaanza kuongea peke yangu. Nikachomoa kiboksi chote na kukiweka chini, maana kama kiboksi ndicho kinachotuma moto, bila kiboksi basi. Nikamwomba mama apande tena.

Taa ikawaka. Kiboksi kiko chini kwenye vumbi, na taa inawaka.

Nkwabi aliitupa ile taa ya kupimia kama nyoka. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya gari nikajifuta jasho. Kichwani nilikuwa na Mzee Rajabali na mwizi wake wa njiani: moto hautoki kwenye kiboksi, basi unatoka kwingine. Lakini wapi, na kwa nini kwa huyu mama tu?

Mama Kabula alikuwa bado amekaa palepale, mikono juu ya fimbo yake. Akasema polepole:

"Nyie watu mmenipima mimi tangu asubuhi. Kiti mmekipima?"

"Kiti kina nini, mama?"

"Mimi nikipanda nakisukuma nyuma, goti lipate nafasi. Sayi akipanda anakivuta mbele. Nyie mlipanda kwenye kiti cha Sayi."

Nyie mnaotumia mashine za kupimia, mashine ingekwambia nini hapo? Nikamsaidia kushuka, nikakiacha kiti nyuma vilevile, nikapanda mimi na kujitupa kwa nguvu zote. Huku nyuma Nkwabi, aliyeiokota taa, akapiga kelele: "Inawaka! Fundi, na wewe!"

"Karibu kwenye chama," akasema Mama Kabula.

Ndipo nikalala chali, kichwa chini ya kiti, na ndipo alipoinama na kuniuliza kama nimeshauona mkia wake. Mkia niliuona. Chini ya kiti kile kulikuwa na amplifaya ya redio, imepigiliwa kwenye kipande cha ubao. Mwenye gari wa kwanza alipenda muziki. Waya wake mnene wa moto ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Halafu akaja fundi mwingine wa kufunga kiboksi cha tela, akaona njia imeshachimbwa, akapitisha waya wa bluu hapohapo, akazifunga zote mbili kwa tepu moja juu ya ukingo wa ubao. Kiti kikiwa mbele, hakizigusi. Kikirudishwa nyuma na mtu mwenye uzito wake akakaa, tumbo la kiti linashuka na kuzikandamiza kwenye ubao. Ngozi za waya zilishalika. Waya mbili zikawa zinabusiana humo gizani, na tarishi akapewa moto na mwizi.

Ubao ndio uliotuponza. Ingekuwa chuma kitupu, waya wa moto ungegusa ethi, ungetoa moshi siku ya kwanza na tungejua. Lakini ubao hausemi siri ya mtu.

Nkwabi alikuwa anarukaruka. "Ziba, fundi! Ziba sasa hivi!"

Nilishavuta tepu. Fimbo ya Mama Kabula ikatua juu ya mkono wangu.

"Acha."

"Mama, nikiziba imekwisha."

"Ukiziba, watasema nini? Watasema Nkwabi kaleta mganga wa mjini, kaingia chini ya kiti, kafunga dawa kwa kitambaa cheusi." Akaitazama ile tepu yangu nyeusi. Kwa kweli ilifanana. "Uchawi wangu utakuwa umefungwa. Siku mtoto akiumwa watasema umefunguka."

Alikuwa sahihi, na nilijiona mjinga. Mimi nilikuja kutengeneza gari.

"Sasa tufanyeje?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mwanamke yule alikuwa na mwanya mmoja, mpana, wa kutisha. "Kwa urefu, Kisesa hii nani ananifikia?"

Tukatazamana mimi na Nkwabi; Sayi alishaelewa na alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Nkwabi akasema kwa sauti ndogo, "Baba mdogo."

Kesho yake ilikuwa gulio. Nkwabi alilala vibaya, nadhani; alifika pale kwenye mashine ya kusaga amevaa shati ndani nje. Aliongoza gari na tela tupu mpaka mbele ya foleni ya unga, akamwomba baba yake mdogo amsindikize hapo mbele tu, kuna mzigo wa kutazama. Lubinza hakuwahi kukataa kiti cha mbele cha gari lolote duniani. Akajifuta unga, akafungua mlango, akaingiza lile pande lake, na kama tulivyotegemea, magoti yakagonga dashibodi. "Kiti gani hiki cha sungura?" Akakisukuma nyuma hadi mwisho.

Nkwabi akaondoa gari. Halikumaliza hata urefu wake. Tela likanasa, magurudumu yakaburuzwa, vumbi likapanda, akina mama wakaruka na debe zao.

"Amepanda tena!" mtu akapiga kelele. "Yule bibi yumo!"

"Yule bibi yuko huku, baba," ikajibu sauti ya taratibu kutoka upande wa pili wa barabara. Mama Kabula alikuwa amesimama katikati ya wauza nyanya, mbali na gari, anakula karanga. "Karibuni."

Shingo zote zikageuka kwake, zikarudi kwenye gari. Lubinza akatoa kichwa dirishani.

"Nkwabi, endesha!"

"Halitembei, baba mdogo. Hebu shuka kidogo."

Akashuka. Tela likaachia.

"Panda tena."

"Sipandi."

"Panda, baba mdogo, watu wanatazama."

Akapanda, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Likabana. Foleni ya unga ikalipuka kwa kicheko. Mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya tela nilicheka hadi nikakaa chini. Vijana wakawa wanaimba, "Hata chuma kinamkataa! Hata chuma kinamkataa!" Lubinza akashuka jasho linamchirizika katikati ya unga wa usoni, akawa kama ukuta uliochorwa mito.

Laiti ingeishia hapo, ningewaambia ni siku tamu kuliko zote za kazi yangu. Lakini kicheko kina waya wake wa bluu nacho. Nilimsikia mwanaume mmoja nyuma yangu akisema, bila kucheka hata kidogo, "Kumbe ni yeye. Ndiyo maana mashine yake inasaga mchana kutwa na za wengine zimekufa." Na mwingine, "Alimsingizia bibi wa watu." Nyimbo zikabadilika sauti. Mduara ukaanza kumbana Lubinza, na nikaona kijana ameinama, na alipoinuka mkono haukuwa mtupu.

Lubinza naye aliona. Yule mtu wa sauti ya kufukuza tembo akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga tela.

Nikasimama nipige kelele, lakini sauti yangu na watu wale wapi na wapi. Aliyewanyamazisha ni Mama Kabula. Alivuka barabara akichechemea, watu wakampisha kwa mazoea ya woga, akafika akapiga bodi ya tela kwa fimbo, paa, paa, hadi kila mtu akageuka. Akasimama ubavuni kwa Lubinza.

"Weka jiwe lako chini, mjukuu wangu," akamwambia yule kijana. "Huyu hana kitu. Ana miguu mirefu tu, kama mimi. Fundi! Toka huko nyuma uwaonyeshe."

Nikatoka na spana yangu. Nililegeza bolti za kiti nikakitoa chote nje, nikakiweka barabarani. Nikawaonyesha ubao, nikawaonyesha tepu, nikaikata mbele ya macho yao, na ndani yake waya mbili zimevuliwa nguo. Nikasema huu unatoka kwenye betri, huu unakwenda kwenye breki. Nikazigusanisha kwa vidole: tela likabana. Nikaziachanisha: likaachia. Kubana, kuachia. Nikamwita yule kijana wa jiwe afanye yeye. Akafanya, mara ya kwanza kwa kuogopa, kisha kwa furaha, kisha hatukuweza kumtoa. Watu wakapanga foleni kushika zile waya, foleni ndefu kuliko ya unga. Mzee mmoja alitaka kujua kama zinaweza kufungwa kwenye mke.

Lubinza alikuwa amekaa juu ya debe. Mama Kabula akampelekea karanga zilizobaki. Akazipokea kwa mikono miwili, na sikusikia walichoambiana, ila niliona yule pande la mtu ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Kazi yenyewe ya kutengeneza, nyumbani kwa Nkwabi, ilikuwa ndogo, na hapa nyie mnaoandika mnaweza kuandika. Nilitoa waya wa bluu wote, sikuunga. Waya ulioliwa hauungwi, unazikwa. Nikapitisha mpya nje, kando ya chasisi, ndani ya bomba lake, mbali na kitu chochote kinachosogea: kiti, mlango, mguu wa mtu. Penye tundu la bati nikaweka mpira usikatwe. Waya wa amplifaya nikauwekea fyuzi karibu kabisa na betri, maana haukuwa nayo mahali pa maana. Na mkifunga chochote kwenye gari, msipite njia ya fundi mwingine kwa sababu tu imeshachimbwa. Huenda alikuwa na haraka kuliko nyie.

Nilipomaliza nilirudisha kiti, nikakisukuma nyuma mpaka mwisho, nikamwita Mama Kabula. Alikuwa na kliniki. Akapanda, akanyoosha goti lake. Taa ya kupimia ikabaki giza. Sayi alikuwa anapiga vigelegele kibarazani, na wale majirani waliokuwa hawampitii walikuwepo, wamesimama mlangoni na madebe yao, wanacheka kupita kiasi kama watu wanavyocheka wakitaka kusahauliwa.

Nikawa nakusanya vifaa vyangu karibu na mlango wake. Akaniita kwa kidole.

"Fundi. Na kama usingekuta waya?"

Nikafikiri ananitania. Nikasema, "Mayu, waya upo. Lazima uwepo. Ningeendelea kutafuta mpaka niupate."

Akawatazama wale waliokuwa wanacheka mlangoni, muda mrefu, bila chuki. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ungetafuta, sawa," akasema. "Mimi nawaulizia wao."